Kadi Moja kwa Watoto Wawili

Mwanangu alijifungua mapacha Jumanne asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaondoka duniani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kuiandika. Nilikabidhiwa watoto wawili wa kike waliofungwa kwenye shuka moja, pamoja na mfuko wenye viatu vya mama yao. Nikatia sahihi pale nilipoonyeshwa. Nesi akaniambia pole, nikamwambia asante, kama unavyomjibu mtu aliyekukanyaga kwa bahati mbaya.

Mume nilishamzika miaka tisa nyuma, na wakati ule nililia mpaka sauti ikakauka. Safari hii hakikutoka kitu. Nilisali asubuhi, nikasali jioni, sala haikunipita hata siku moja, lakini nilisali kama mtu anayefagia uwanja wake: unajua pa kuanzia, unajua pa kuishia. Mungu anajua, simfichi.

Pale hospitalini waliwapima kabla hatujaondoka. Aliyetangulia alikuwa na kilo mbili na gramu mia sita, aliyefuata kilo mbili na mia nne. Aliyetangulia tulimwita Kelele, maana tangu mlangoni mpaka nyumbani hakunyamaza. Wa pili tukamwita Mpole. Majina yao wenyewe baba yao alisema atayataja akiwa tayari, na watu wakamwacha.

Baba yao, mkwe wangu, ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha ya vyuma kwenye kibanda kilichoegemea nyumba. Alikuwa anaingia kibandani alfajiri na kutoka jioni macho yamemwiva, na hakuna aliyeweza kujua ni moto wa kazi au ni jambo jingine. Watoto hakuwa anawashika. Nikimnyooshea mmoja alikuwa anaonyesha viganja vyake.

"Mikono imejaa vyuma, mama. Nitamchoma."

"Si kuna sabuni?"

"Sabuni haitoi hivi."

Basi nikawa nalea mwenyewe. Kila saa tatu chupa mbili za maziwa, na kila zikiisha nilichora vijiti viwili kwenye kalenda ya ukutani ili nisisahau. Kelele alikuwa anamaliza yake kabla sijakaa sawa. Mpole alikuwa ananyonya kidogo, anapumzika, ananyonya tena, halafu usingizi unamchukua na chupa ikiwa haijafika nusu. Nami kwangu maziwa hayamwagwi. Yanayobaki nilikuwa nampa dada yake, naye anayapokea kama aliyeahidiwa. Vijiti viwili, chupa mbili, zimekwisha. Nikitazama kalenda niliona kazi imefanyika.

Majirani waliokuja kutoa pole walimsifu sana Mpole. Mtoto mstaarabu, walisema, kajua nyumba ina msiba. Nami nilikuwa naitikia.

Kila Jumatatu niliwapeleka zahanati. Hapa inabidi nieleze mizani ya pale, maana ndiyo iliyotufikisha tulipofika. Ni ile ya kuning'inia, yenye uso kama wa saa na sindano, na chini yake kuna mfuko wa kumwekea mtoto. Ilikuwa imeanguka siku za nyuma, na tangu ianguke sindano ilikuwa haiamki mpaka mzigo ufike kilo nne. Ukishazidi nne inasoma sawasawa. Chini ya nne imelala kwenye sifuri. Watoto wachanga wengine walikuwa wanaangaliwa kwa macho tu na kuambiwa warudi wakinenepa, mizani mpya iko njiani. Lakini mapacha wangu, wakitiwa mfukoni wote wawili, walikuwa wanazidi nne. Sista wa zahanati alifurahi. Wachanga wote waliotangulia walikuwa wamemshinda, sisi tukampa kitu cha kuandika.

Halafu kadi nazo zilikuwa zimepungua. "Mapacha watatumia moja," alisema siku ya kwanza, "si wamekaa tumbo moja?" Watu wa kwenye foleni wakacheka. Kwa hiyo kila Jumatatu alikuwa anawaning'iniza pamoja, anasoma, anagawa kwa mbili, na kuweka nukta moja kwenye kadi moja. Nukta zikawa zinapanda. Kadi yetu ilikuwa nzuri, mstari umenyooka kwenda juu kama ngazi.

Kosa langu ni kwamba niliiamini kadi kwa wiki tano na macho yangu niliyaambia yanyamaze. Soksi za Mpole zilikuwa zinamvuka zenyewe. Nikimbana ngozi ya paja ilibaki imekunjika kidogo kabla ya kurudi. Nepi zake zilikaa kavu tangu asubuhi hadi karibu na mchana. Niliona yote haya, lakini kama unavyoona vitu vya mtu mwingine dirishani. Nilikuwa siogopi chochote siku hizo, na mtu asiyeogopa ni mlezi mbaya.

Jumatatu ya sita Sista akasoma, "Sita nukta nne. Gawa kwa mbili, tatu nukta mbili. Bibi mapacha, unawakuza hawa kuliko wenye mama zao."

Kisha akasikia alichosema, akainamia kadi.

"Sista," nikamwambia, "huyu mdogo hakui."

"Anakua, bibi. Tazama mstari."

"Mstari huo ni wa nani?"

"Wa wote."

"Mpime huyu peke yake basi."

Akamtoa Kelele, akamwacha Mpole mfukoni. Sindano haikutikisika. Mtoto ananing'inia pale, macho wazi, na uso wa mizani unasema sifuri.

"Unaona?" Sista akasema. "Kwa sindano hii, hapa hakuna mtu."

"Niandikie barua ya hospitali kubwa."

"Barua inataka uzito wa mtoto aliye chini ya mstari wa hatari, na kadi ibandikwe nyuma. Kadi yenu iko juu ya mstari. Nikiandika 'bibi yake ameona', watanirudishia, pamoja na barua ya kunionya mimi. Mapacha ndivyo walivyo, mmoja huwa mdogo. Nenda, rudi Jumatatu."

Nyuma yangu walikuwa watu kama ishirini. Nikawafunga, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, nikaenda kazini.

Kazi yangu ni kuchambua maharage kwenye duka la nafaka. Nakaa kwenye kigoda nyuma ya magunia, ungo mapajani, natoa vijiwe, mapepe na yaliyotobolewa na wadudu. Mwenye duka tunamwita Robo, maana hauzi zaidi ya kilo kwa mtu mmoja na wateja wake wengi huja kununua robo. Ni mtu wa maneno mengi, lakini tangu msiba alikuwa ananiwekea kapu kubwa lenye blanketi pembeni ya magunia, na hilo hakulisemea neno.

Nilichambua kama kibaba kimoja hivi, na ile tatu nukta mbili ikawa inazunguka kichwani. Nikawatazama kapuni. Kelele si tatu nukta mbili, amezidi. Mpole si tatu nukta mbili, hajafika. Kwenye kadi ile palikuwa pameandikwa uzito wa mtoto ambaye hayupo nyumbani kwangu.

Hapo ndipo nikamsikia mwanangu. Sisemi alinitokea, mimi si mtu wa mambo hayo. Nilikumbuka tu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na alipokuwa anaanza kazi alikuwa anajaribia masomo yake kwangu, mimi niliyeishia darasa la saba, jioni nikiwa namenya viazi.

"Mama, nimeficha namba mbili. Zikiwa pamoja ni kumi na nne. Kubwa imeizidi ndogo kwa nne. Zitaje."

Nilikuwa nasema saba na saba, halafu naanza kuhamisha moja huku, moja kule, mpaka nachoka.

"Unagawa kabla hujatoa ziada, mama. Ndogo usiijue, iite k. Kubwa ni k na nne juu yake. Ukiziweka pamoja unapata k mbili na nne, ndiyo hiyo kumi na nne. Sasa toa ile nne. Zinabaki kumi. K mbili ni kumi, k moja ni ngapi?"

"Tano."

"Na kubwa?"

"Tisa. Kwa nini k?"

"Iite chochote, hata kiazi. Ni jina la kushikia nafasi mpaka mwenyewe afike."

Sista alikuwa amegawa kabla ya kutoa ziada. Jumla ninayo, nimeisikia kwa masikio yangu asubuhi ile. Sina ziada. Nikainua macho, na mbele yangu, juu ya kaunta, ilikuwa mizani ya Robo: boriti ya chuma yenye sahani mbili zinazoning'inia kwa minyororo, upande huu mawe, upande huu maharage.

"Robo," nikamwita. "Nataka mizani yako kidogo."

"Ichukue. Unapima nini?"

"Hawa."

Akanitazama, akatazama kapu. "Bibi, watu siuzi. Leseni yangu ni ya nafaka."

"Sinunui. Nataka kujua mmoja anamzidi mwenzake kwa kiasi gani."

"Mawe yangu yote yakikusanywa hayafiki kilo mbili na nusu. Mtoto gani atapimika hapo?"

"Mtoto hapimwi kwa jiwe. Anapimwa kwa mwenzake. Jiwe ni la kuziba pengo."

Akachukua kitambaa na maji ya moto akaosha sahani zote mbili, akazikausha, akatandika vipande viwili vya shuka alivyovikata sawasawa kutoka kwenye kipande kimoja.

"Na hizi nguo?" akauliza. "Si zina uzito?"

"Ziko pande zote mbili. Zinafutana."

Nikamlaza Kelele kulia, Mpole kushoto. Robo akashika minyororo asipinduke mtu. Akaachia polepole. Upande wa Kelele ukashuka mpaka ukagonga kaunta, na Mpole akapanda juu kabisa, akawa usawa wa uso wangu. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu.

Mteja aliyekuwa mlangoni na kikapu chake akasema, "Jamani, leo kuna nini humu?" Robo akamwambia asubiri, leo duka linapima roho za watu.

Akaanza kuweka mawe upande wa Mpole. Kilo. Boriti haikusogea. Nusu. Ikazidi, Mpole akashuka chini. Akatoa nusu, akaweka robo. Bado kidogo. Jiwe la gramu mia. Bado, kama unywele. La hamsini. Boriti ikayumba, ikatulia, ikalala sawa kama meza.

"Kilo moja, robo, mia, hamsini," Robo akahesabu. "Moja na mia nne. Huyu kamzidi mwenzake kilo moja na gramu mia nne, bibi. Hiyo ni sukari ya mwezi kwa wateja wangu."

Nikachukua kalamu ya kwenye kaunta na mfuko wa karatasi. Mpole nikamwita k. Kelele ni k na moja nukta nne. Pamoja ni k mbili na moja nukta nne, na asubuhi zahanati imesema hiyo ni sita nukta nne. Nikatoa moja nukta nne. Ikabaki tano. K mbili ni tano.

Robo alikuwa anasoma begani kwangu. "Mbili na nusu," akasema taratibu. "Alizaliwa na ngapi?"

"Mbili na mia nne."

"Na leo ana siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

Gramu mia moja kwa siku arobaini na moja. Robo anazijua gramu mia, anazimwaga kwenye mifuko kutwa nzima. Akachota maharage kwa mkono, akayatazama kiganjani, akayarudisha guniani. Mteja aliyekuwa anasubiri akaondoka bila kununua.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nikachanganya maziwa, nikaanza na Kelele, nikaenda kwa Mpole. Akanyonya, akapumzika, akanyonya, akalala. Chupa ilikuwa imepungua kidole kimoja. Kitambaa chini ya kidevu chake kilikuwa kimelowa, na sijawahi kukikamua mpaka siku ile. Nilikikamua kwenye kikombe. Sehemu kubwa ya kile kidole kimoja ilikuwa mle.

Kisha nikatazama kalenda. Vijiti viwili, viwili, viwili, wiki sita. Mimi na Sista tulifanya kosa moja. Yeye alijumlisha kilo, mimi nilijumlisha chupa. Zote zimekwisha, niliandika, na sikuandika zimekwisha kinywani mwa nani.

Nilimwita mkwe wangu. Akaja mlangoni na miwani yake ya kazi kichwani.

"Mpole ana kilo mbili na nusu," nikamwambia. "Dada yake ana tatu na mia tisa."

"Kadi si inasema—"

"Kadi inasema uongo. Maziwa ya Mpole yanamwagikia nguoni, na yanayobaki nilikuwa nampa Kelele. Kwa mkono wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilisubiri aseme. Ningependa angesema, angalau kingevunjika kitu. Alienda bombani, nikamsikia anasugua muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, vyuma bado vimo kwenye mistari ya vidole. Akamchukua Kelele, ambaye alikuwa anadai chupa ya pili, akakaa naye kitandani.

"Endelea na huyo," akaniambia.

Nikachukua kijiko. Kwa kijiko, matone matone, Mpole alimeza. Ilituchukua zaidi ya saa nzima.

Asubuhi sikungoja Jumatatu. Nilikuwa mlangoni kwa Sista kabla hajafungua dirisha, mfuko wa karatasi mkononi. Nikamweleza yote bila kupandisha sauti: jumla ni yako, ziada ni ya dukani, toa, ndipo ugawe.

"Mizani ya maharage?" akasema. "Bibi, nikaandike serikalini mizani ya maharage?"

"Jumlisha mwenyewe. Tatu nukta tisa na mbili nukta tano."

Akajumlisha kwa midomo. "Sita nukta nne."

"Na tatu nukta tisa toa mbili nukta tano?"

"Moja nukta nne." Akaushika ule mfuko kwa mikono miwili. "Zinakubaliana. Lakini mimi nataka kumwona kwenye mizani yangu."

"Haimwoni."

Alisimama akitazama chumba chake. Kwenye dirisha palikuwa na chupa ya maji ya lita mbili, imejaa, haijafunguliwa. Aliitazama kwa muda. Kisha akaichukua, akaiweka mfukoni pamoja na Mpole, akaning'iniza. Sindano ikaruka, ikasimama kwenye nne na nusu.

"Maji kilo mbili," akasema. "Mbili na nusu ni yeye."

Chupa ile au mwenzake ilikuwa inakaa dirishani pale kila Jumatatu, na sote wawili tulikuwa tunaiona. Sista akakaa, akavuta karatasi ya barua. Akaandika, akaharibu ya kwanza, akaanza ya pili. Kisha akafungua droo, akatoa kadi mpya. Kumbe zilikuwepo tatu.

"Nisamehe, bibi."

"Andika kwanza," nikamwambia. Msamaha nilimpa baadaye, kwenye sala, na wangu mwenyewe bado nauomba.

Hospitali kubwa walimlaza siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa kijana wa kike, alimfungua mdomo Mpole na kuinua ulimi kwa kidole. Ulikuwa umeshikiliwa chini na kamba nyembamba ya nyama, hauwezi kunyanyuka kukamata chuchu. Kila mara alikuwa anavuta hewa, anachoka, analala kwa uchovu. Ule upole wote tuliousifia. Daktari akaikata kwa mkasi mdogo, damu ikatoka tone moja.

"Mngechelewa wiki mbili zaidi," akasema, akaacha hapo. Sikumwomba amalizie.

Hakuna jambo lililobadilika siku hiyo wala kesho yake. Alikuwa amedhoofu mno kunyonya, tukawa tunamnywesha kwa kikombe kidogo kila saa mbili, na mara mbili alitapika yote. Siku ya nne wakampima, mbili na mia nne, ameshuka. Nikafumba macho, nikasali, na sala ile haikuwa ya kufagia. Sikuwa na maneno. Nilisema tu namba yake, nikairudia.

Siku ya saba, mbili na mia sita.

Nikampigia mkwe wangu. Kelele nilimwachia yeye tangu siku Mpole alipolazwa, hapakuwa na mtu mwingine.

"Mbili na mia sita," nikamwambia.

Nyuma yake nilisikia Kelele, sauti imekaribia simu, maana yake amembeba.

"Huyu wa hapa, Robo amempima leo," akasema. "Amepata mawe makubwa ya kuazima. Nne na mia mbili."

Kichwa changu kikaenda chenyewe: moja nukta sita. Wiki iliyopita ilikuwa moja nukta nne. Pengo limekua. Nikamwambia.

"Mama, achana na pengo. Huyu ninaye mimi, hana shida, ila usingizi hanipi. Wewe niambie ya huko tu."

"Ya huko nimeshakuambia."

"Irudie."

"Mbili na mia sita."

"Sawa," akasema. "Nipigie wakimpima tena."

Daktari alikuwa amening'iniza kadi mpya miguuni pa kitanda, yenye nukta nne tu: ya kuzaliwa, ya kulazwa, ya kushuka, ya leo. Sikujua kama nimefurahi. Mwili ulikuwa bado kama mguu uliokaliwa, unajua ni wako lakini huusikii. Saa nane ilikuwa imefika. Nikanawa mikono, nikapima maziwa kwenye kikombe, gramu kwa gramu, nikamwinua Mpole kichwa.

Akanywa nusu, akafunga mdomo. Nikasubiri. Maziwa yaliyobaki niliyashika mkononi, ya kwake, mpaka alipoufungua tena.